Moshi wa njiani nao uhesabiwe

Miji mikubwa ya Afrika Mashariki imeanza kuandika mipango ya kupunguza gesijoto. Nairobi ina mpango wa mwaka 2020 hadi 2050, na Dar es Salaam ina wa kwake wa kipindi hichohicho. Kampala ilitoa mkakati wake mwaka 2016. Kigali imekuwa na siku zake za barabara bila magari tangu 2016, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa ajili ya kubeba abiria jijini humo.

Ni hatua za kupongezwa. Lakini kwa mfanyabiashara anayenunua vitunguu Karatu na kuviuza Nairobi, au anayepakia dagaa wa Mwanza kwenda Kongo, mipango hii ina pengo kubwa. Inaishia pale mpaka wa jiji unapoishia, ilhali safari yake haiishii hapo. Lori lake linawaka njiani, linawaka kwenye foleni ya mizani, linawaka mpakani, kisha linaingia mjini na kukuta amri ambayo hakuna aliyemshirikisha wakati inaandikwa.

Pengo hilo lisipozibwa, mambo mawili yatatokea. Miji itajivunia takwimu nzuri huku moshi ukiwa umehamia upande wa pili wa mpaka, na gharama ya kusafisha hewa itabebwa na wale wenye mtaji mdogo kuliko wote.

Hesabu ya jiji na kinachoachwa nje

Mpango wa jiji wa kupunguza gesijoto si jambo la kimiujiza. Ni hesabu kama ya duka. Kwanza huchaguliwa mwaka mmoja wa kuanzia. Kisha jiji linahesabu kila kinachotoa gesi: mafuta ya magari, umeme wa majumbani na viwandani, kuni, mkaa na gesi ya kupikia, pamoja na taka. Baada ya hapo linaweka lengo, linaorodhesha kazi za kufanywa, gharama yake, mhusika wa kila kazi na tarehe ya kutoa taarifa. Jiji lisilojua linatoa kiasi gani haliwezi kujua limepunguza kiasi gani.

Mwongozo unaotumiwa na miji mingi duniani, uliotolewa mwaka 2014, unagawa hesabu hiyo katika mafungu matatu. La kwanza ni gesi inayotoka ndani ya mipaka ya jiji. La pili ni ile inayotokana na umeme unaoletwa jijini kupitia gridi. La tatu ni ile inayotoka nje ya jiji kwa sababu ya mahitaji ya jiji lenyewe. Fungu hili la tatu ndilo gumu kuhesabu, na kwa hiyo ndilo linalorukwa kwa urahisi zaidi.

Humo ndimo ilimo biashara ya kuvuka mipaka. Dizeli inayochomwa kati ya Mombasa na Kampala haionekani kikamilifu katika hesabu ya Mombasa wala ya Kampala. Msitu unaokatwa ili jiko la mkaa liwake mjini huhesabiwa, kama unahesabiwa, wilayani mbali. Moshi wa njiani umebaki bila mwenyewe. Na kitu kisicho na mwenyewe hakitengewi bajeti.

Foleni nayo ni moshi

Injini ya lori kubwa likiwa limesimama huku linawaka hula karibu lita tatu za dizeli kwa saa. Kila lita moja hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Lori likiwashwa saa kumi bila kusonga, limeteketeza lita 30 na kutoa zaidi ya kilo 80 za gesi hiyo, na shehena haijasogea hata hatua moja. Lori la samaki au la maziwa haliwezi hata kuzima mtambo wake wa baridi. Dereva anajua, mwenye mzigo anajua, na mteja anakuja kujua siku anapoambiwa bei imepanda.

Ndiyo maana vituo vya pamoja vya forodha ni sehemu ya sera ya hewa hata kama havikujengwa kwa lengo hilo. Holili na Taveta, Rusumo, Busia, Namanga, Malaba: katika vituo hivi ukaguzi wa pande zote mbili unafanyika upande mmoja. Busia kilizinduliwa Februari 2018 na Namanga Desemba mwaka huohuo. Kila saa iliyookolewa hapo ni faida kwa mfuko wa mfanyabiashara na kwa anga kwa pamoja.

Lakini faida hiyo haijajijenga yenyewe kuwa ya kudumu. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, foleni ya malori Malaba ilinyooka kwa makumi ya kilomita licha ya kuwapo kwa kituo cha pamoja. Majengo ni yaleyale. Kilichokwama ni utaratibu. Mtandao ukikatika, karatasi ya nchi moja isipotambuliwa na nyingine au mizani ikirudiwa mara tatu kwenye barabara moja, ukuta mpya hausaidii kitu.

Inafaa basi miji ya mipakani ihesabiwe kama miji. Busia, Malaba, Namanga, Tunduma na Gatuna si vibanda vya askari tena. Ina wakazi, masoko, nyumba za wageni na gereji, na inavuta moshi wa malori yanayokwenda kwingine. Wilaya na kaunti husika zinapoandika mipango ya mazingira, muda wa kusubiri mpakani uwe miongoni mwa vipimo vya kwanza, na uchapishwe kila mwezi ili kila mtu auone.

Reli na somo la Mombasa

Njia ya uhakika ya kupunguza dizeli barabarani ni kuhamishia mizigo mizito kwenye reli. Hapa kanda imepiga hatua, ingawa si kwa mwendo mmoja. Reli ya kisasa ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, hutumia vichwa vya dizeli. Reli ya kisasa ya Tanzania, iliyofika Dodoma mwaka 2024, inatumia umeme. Bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani imejengwa ili malori yasilazimike kuingia katikati ya Dar es Salaam, na Burundi, Rwanda na Kongo ni miongoni mwa nchi zilizotengewa maeneo hapo.

Hata hivyo, reli ina somo lake. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliamuru mizigo ya kwenda bara isafirishwe kwa treni. Sababu yake haikuwa hali ya hewa, lakini matokeo yake yanafaa kukumbukwa na kila anayepanga kupunguza malori. Watu waliandamana Mombasa. Madereva, makuli, wenye maghala, mawakala wa forodha na akina mama wauza chakula kandokando ya barabara kuu waliona riziki imehamishwa kwa barua moja. Septemba 2022 Rais William Ruto, punde baada ya kuapishwa, alirudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Miaka mitatu ya vuta nikuvute, na malori yakarudi pale pale.

Treni si mbaya. Kilichoharibu mambo ni kwamba mwenye lori hakupewa kazi mpya kabla ya kunyang'anywa ya zamani. Reli inahitaji malori ya safari fupi ya kuchukua mizigo stesheni na kuipeleka sokoni. Mpango wa jiji ungeweza kusema hivyo wazi, ukaonyesha stesheni zitakuwa wapi, maegesho yatakuwa wapi na ni nani atapewa kipaumbele. Usiposema, mwenye lori atausoma mpango wote kama tangazo la kufukuzwa.

Magari chakavu na mifuko ya plastiki

Jambo linalouma zaidi ni pale kila nchi inapotunga sheria yake kwa saa yake. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haifungi mlango. Hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya miaka mingi. Gari moja lililotengenezwa Japani linaweza kuwa haramu Nairobi, halali Kampala na ghali Dar es Salaam. Matokeo yake si kwamba gari chakavu limetoweka. Limehamia kwa jirani, na moshi wake haujui kusoma bendera.

Kanda ilishayaona haya kwenye mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008. Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Kwa zaidi ya miaka kumi, mfuko uleule ulikuwa kifungashio upande mmoja wa mpaka na kosa la jinai upande wa pili. Waliopekuliwa kwenye vizuizi hawakuwa wenye viwanda bali mama mwenye kikapu. Lengo lilikuwa jema na miji ikawa safi zaidi. Gharama ya kutopatana tarehe ikalipwa na mdogo.

Makosa hayo yanakaribia kurudiwa kwenye pikipiki za umeme. Kigali imeamua. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zina pikipiki hizo barabarani, na vituo vya kubadilishia betri vinaongezeka. Lakini betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine, na hakuna uhakika kwamba bodaboda inayovuka Gatuna au Busia itapata betri upande wa pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki imewahi kukubaliana viwango vya pamoja vya bidhaa nyingi. Ilikubaliana hata kiwango cha salfa kwenye dizeli, sehemu 50 kwa milioni, kilichoanza kutumika mwaka 2015. Kukubaliana juu ya betri na plagi si kazi kubwa kuliko hiyo. Kinachohitajika ni kuifanya kabla soko halijagawanyika vipande vipande.

Kuna sababu nzuri ya kuharakisha. Karibu umeme wote wa Uganda unatokana na maji, na bwawa la Karuma limeongeza megawati 600. Kenya hupata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kwingineko gari la umeme linaweza kuwa linachajiwa kwa makaa ya mawe. Hapa sehemu kubwa ya umeme ni safi tayari. Na karibu mafuta yote yaliyosafishwa yanayotumika kwenye kanda hii hununuliwa ng'ambo kwa dola. Kila lita isiyochomwa ni dola iliyobaki nyumbani. Mfanyabiashara aliyekosa dola benki wakati wa uhaba wake hahitaji kuelezwa zaidi.

Soko ni chanzo na ni suluhisho

Agosti 10, 2024, lundo la taka la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka na kufunika nyumba. Zaidi ya watu 30 walikufa. Jalala hilo lilikuwa likipokea taka za jiji tangu miaka ya 1990. Dandora, jijini Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na magari ya taka bado yanaingia. Watu wanaliona jalala kama uchafu na maradhi, na ni kweli. Lakini pia ni kiwanda cha gesi. Maganda ya ndizi, kabichi zilizooza na nyanya zilizopondeka, zikifukiwa bila hewa, hutoa methani, gesi ambayo katika kipindi cha miaka 20 hulipasha joto anga zaidi ya mara 80 ya hewa ya ukaa.

Zaidi ya nusu ya taka za miji ya kanda hii ni za kuoza, na sehemu kubwa inatoka sokoni. Hapa jiji halihitaji teknolojia ya ajabu. Linahitaji kutenganisha taka pale zinapotoka, lori la kuzichukua kila siku, na mahali pa kuzigeuza mboji. Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, ilijenga mtambo wa mboji Mabwepande. Mfano upo, kilichobaki ni kuuzidisha.

Kupunguza taka kunaanza kabla ya kuzitupa. Tenga la nyanya lililosubiri mpakani siku mbili hufika soko la Wakulima likiwa nusu ya thamani, na nusu nyingine huishia jalalani. Mkulima amepata hasara, mchuuzi amepata hasara, dizeli imechomwa bure na methani inakuja juu yake. Ghala la baridi sokoni, kreti imara badala ya magunia yaliyojazwa kupita kiasi, na forodha inayotanguliza mazao yanayoharibika: haya matatu yanapunguza gesi nyingi, na hakuna anayelazimishwa kuacha kazi yake.

Mkaa hauzuiliwi kwa amri pekee

Upande wa mkaa ndipo amri zimekuwa nyingi kuliko maandalizi. Kenya ilisimamisha ukataji wa miti mwaka 2018, na bei ya mkaa mjini ikavuta magunia kutoka nchi jirani. Uganda ikapiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi mwaka 2023, baada ya malalamiko ya wenyeji kwamba misitu yao inakwisha. Tanzania imeagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa, na ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Uharibifu unaopigwa vita ni wa kweli. Tanuri la kienyeji hula kati ya kilo sita na kumi za mti ili kutoa kilo moja ya mkaa. Lakini marufuku ya nchi moja ni soko la nchi nyingine. Anayepika mjini hana tatizo na nishati safi. Tatizo lake ni kwamba mkaa huuzwa kwa kopo, kidogo kidogo kulingana na mfuko wa siku, ilhali mtungi wa gesi hutaka fedha za mkupuo. Pale gesi inapouzwa kwa kiasi mtu alichonacho mfukoni, mkaa unaanza kupoteza wateja bila polisi. Jiji linaloandika mpango wa nishati ya kupikia bila kumzungumzisha muuza mkaa limemsahau mtu ambaye tayari ana kibanda, wateja na uzoefu wa kuuza nishati kwa rejareja. Angeweza kuwa wa kwanza kuuza gesi.

Kinachopaswa kufanyika

Wapo wanaouliza kwa nini kanda hii ijisumbue, ilhali Afrika nzima hutoa chini ya asilimia nne ya gesijoto za dunia. Swali ni halali, na nchi zilizochafua zaidi hazipaswi kusamehewa deni lao. Lakini maji hayasubiri kesi iamuliwe. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua mamia ya watu Kenya na kukata barabara. Kwenye mpaka wa Burundi na Kongo, Gatumba imefurika mara kwa mara tangu 2020, Ziwa Tanganyika na mto Rusizi vikipanda hadi kwenye nyumba na barabara ya kwenda Uvira. Mfanyabiashara aliyekwama pale na mzigo hakulipwa fidia na mtu yeyote. Usafiri wa umma unaotegemeka, masoko yenye mifereji, foleni fupi na mafuta machache ni faida hata kama dunia nyingine haitatimiza ahadi zake.

Dar es Salaam imeonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kwenye njia ya kilomita 21 kutoka Kimara, na mwaka 2018 jiji hilo likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Msongamano kwenye vituo unaonyesha pia kwamba barabara nzuri bila mabasi ya kutosha haitimizi kazi. Mpango si uzinduzi. Ni kazi ya kila siku baada ya uzinduzi.

Kwa hiyo, kwanza, kila jiji la kanda linapotengeneza au kupitia upya mpango wake lialike vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, wenye malori, bodaboda na viongozi wa masoko, na liwaalike kabla rasimu haijaandikwa, si siku ya kuipigia makofi. Rasimu iwe kwa Kiswahili. Mtu hawezi kukubali au kukataa kitu asichoweza kukisoma.

Pili, Sekretarieti ya Jumuiya mjini Arusha iandae hesabu moja ya gesijoto za Ushoroba wa Kaskazini na wa Kati, kutoka bandarini hadi Kigali, Bujumbura na mashariki ya Kongo, ili moshi wa njiani upate mwenyewe. Nchi za Jumuiya zimefika nane. Hesabu ya nchi moja moja haitoshi tena.

Tatu, umri wa magari, viwango vya betri na tarehe za marufuku yoyote vipatanishwe, na kila marufuku itanguliwe na kipindi cha mpito kinachotangazwa pande zote za mpaka. Tayari kuna utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Utaratibu huo ungeweza kutumika pia kupunguza karatasi kwa majiko banifu, vifaa vya sola na vipuri vya pikipiki za umeme vyenye asili ya kanda.

Nne, fedha za mazingira zinazokuja kwa jina la miji zifike sokoni na mpakani: maghala ya baridi, mitambo ya mboji, maegesho ya malori yenye umeme ili dereva azime injini na bado mzigo ubaki baridi. Kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya warsha. Kiwe saa zilizopungua Malaba, magunia ya mboji yaliyotoka Mabwepande na bei ya kitunguu jijini Nairobi.

Wafanyabiashara nao wana wajibu. Kuzima injini kwenye foleni, kutengeneza pampu na vichujio kwa wakati, kutopakia kupita kiasi na kutenganisha taka sokoni ni mambo yasiyosubiri waziri. Anayedai kiti mezani aje na kitu mkononi.

Miji haiwezi kusafisha hewa yake peke yake, kwa kuwa haijilishi peke yake. Chakula chake, nguo zake na nishati yake hufika kwa mgongo wa wanaovuka mipaka. Wakati wa kupanga mahali pa kupunguza moshi, hao ndio wanaojua unakotoka. Waulizwe.